Waliokoroma Darini kwa Chausiku

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Mmekula au mmelala na njaa? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa ndege, akatua. Katua wapi? Juu ya paa. Paa la nani? Tulieni basi, hadithi haikimbii, miguu yake ninayo mimi.

Zamani hizo, kale ya kale, bibi wa bibi yako hajaota hata jino la kung'atia titi, kulikuwa na kijiji. Jina lake limeliwa na mchwa, msiniulize. Kijiji kilikuwa pembeni ya mji, na mji wenyewe ulikuwa mchanga, ndiyo kwanza unakua. Na mji ukikua ni kama mtoto wa kunyonya, haushibi. Unalia asubuhi, unalia jioni: boriti! Boriti! Kuni! Kuni! Wanaume wa kijiji wakawa wanaulisha. Shoka begani, hao msituni. Ko! Ko! Ko! Kraaa... bwi! Mti chini. Kesho tena. Ko! Ko! Ko! Kraaa... bwi! Mji unameza, unalamba midomo, unalia tena.

Haya. Ndani ya kijiji hicho alikuwapo mwanamke, jina lake Chausiku. Mjane, tena bado kijana. Mumewe Matimbwa alikufa kwa homa, homa ile ya masika inayokuja haina hata salamu. Watoto hawakubahatika. Ndugu wa Chausiku walikuwa mbali, na wengi wao walishakufa. Alichobaki nacho ni nyumba ya makuti, kuku mmoja, na shamba la mahindi alilolima kwa mikono yake mwenyewe. Basi. Hiyo ndiyo dunia yake yote.

Na huyo Matimbwa, jamani, Mungu amrehemu, alikuwa anakoroma. Si kukoroma kwenu huku. Matimbwa akikoroma, mbuzi wa nyumba ya tatu anaamka. Khrrrr... shiii! Khrrrr... shiii! Alipozikwa, watu walilia, lakini majirani wengine walilia huku wanapiga miayo, maana usiku ule ndipo walipolala.

Chausiku akakaa eda, akamaliza. Nyumba kimya. Kimya mpaka anasikia mchwa wakitafuna. Halafu siku moja, mahindi yamefika magotini, amejilaza kitandani, akasikia juu ya dari:

Khrrrr... shiii.

Moyo ukaruka paaa! Akajifunika shuka mpaka utosini. Akasikiliza. Khrrrr... shiii. Akatoa mdomo tu nje ya shuka, akanong'ona:

"Matimbwa? Ni wewe?"

Khrrrr.

Sasa wewe ungefanyaje? Ungekimbia. Chausiku miguu ilikataa. Akalala palepale akingoja kufa, na katika kungoja, usingizi ukampitia. Akalala fofofo kama hajalala tangu msiba. Kesho yake akasema, ah, kama ni yeye, basi ni yeye. Akaanza kumpa habari. "Matimbwa, mahindi yanataka palizi." Khrrrr... shiii. "Matimbwa, kuku wako anaatamia." Khrrrr... shiii. Hata alipokuwa hai, hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akimjibu. Chausiku hakuona tofauti.

Shida ikaja asubuhi, kwenye kufagia.

Anafagia upenuni, fya, fya, fya, ufagio ukagonga kitu. Donge. Jeusi, linang'aa, unene wa kidole gumba. Limeviringwa kwa manyoya, na kati ya manyoya kimechomoza kimfupa cheupe. Chausiku akaangusha ufagio.

Maana kwenye kijiji kile hata mtoto wa kutambaa alijua: donge lenye nywele na mfupa ni fingo. Mtu amekutegea. Na fingo ina sheria zake. Huitupi, maana ukiitupa inazaa pale inapoangukia. Huichomi, maana moshi wake unarudi. Na kuifungua, weee! Ukiifungua unavimba tumbo mpaka upasuke. Unaihifadhi tu, unaifunika, unamngoja mganga. Na mganga hafungui mdomo bila kuku mweusi. Chausiku alikuwa na kuku mweusi, ndiyo, lakini si huyo anaatamia? Akasema, acha atotoe kwanza. Akaliokota donge kwa jani, akalitia kwenye chungu, chungu nyuma ya jiwe la kusagia, akakifunika kwa kawa.

Kesho yake, madonge mengine. Kesho kutwa, tena. Anaokota, anatia, anafunika. Chungu kikawa kinajaa. Na yeye akawa anajiuliza: nani ananichukia hivi? Nimemkosea nani? Akipita njiani anawatazama watu machoni, labda yule, labda huyu. Watu nao wakaanza kuulizana: huyu mjane mbona siku hizi anatukodolea macho?

Sasa jirani yake alikuwa Mama Sikudhani. Mama Sikudhani hakuwa mbaya, ila pua yake ilitembea kuliko miguu. Siku hiyo jua limesimama utosini, Chausiku yuko kisimani, Mama Sikudhani akaja kuomba chumvi. Hakuna mtu. Akaingia. Akaona chungu kimefunikwa kwa kawa. Mkono ukasema, hebu, leo mwenzetu kapika mboga gani? Akafunua.

Akaganda.

Na kabla hajapumua, juu ya kichwa chake: Khrrrr... shiii!

"Uwiiii! Uwiiii! Jamani nakufa! Matimbwa yuko darini! Matimbwa kafugwa! Msukule! Chausiku kamfuga mumewe msukule, na fingo chungu tele anataka kutumaliza!"

Kijiji kikamwagika. Aliye shambani akaacha jembe, aliye chooni akatoka anafunga nguo. Wakajaa mbele ya nyumba ya Chausiku. Wengine wakaanza kutoa vyombo nje: mkeka huo, sufuria ile, kinu hicho, vrrr, kikabingirishwa mpaka uwanjani. Chausiku anarudi na mtungi kichwani, anakuta nyumba yake imetapika kila kitu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Anauliza kuna nini!" Mama Sikudhani akapiga makofi. "Mmemsikia? Mtu ana mume darini, anauliza kuna nini!"

Akaja Jumbe Pazi, mkubwa wa kijiji. Mtu mnene, sauti nene, kikoi kizuri. Chungu kilishafunikwa, kikasukumwa mlangoni kwa ncha ya mti. Akakitazama kwa mbali. Akaitazama dari kwa mbali zaidi.

"Chausiku. Hizi fingo ni zako?"

"Nimeziokota, Jumbe. Naziokota kila asubuhi upenuni."

"Mtu anayeokota fingo anakuja kusema. Wewe umezificha."

"Nilimngoja kuku atotoe, Jumbe, nimlipe mganga."

Watu wakacheka kile kicheko kibaya, kinachotokea puani.

"Na huyo anayekoroma?"

Chausiku angesema nini? Hata yeye mwenyewe aliamini ni Matimbwa. Akaitazama mikono yake. Akawaza: mchawi anajijuaje kuwa mchawi? Labda ndiye mimi. Labda naamka usiku, naenda ninakokwenda, narudi, sijui. Wazo hilo lilimtisha kuliko watu wote wale. Lakini pia, sijui niseme vipi, lilimpa hamu. Akatamani kujua. Akatamani kujua kabla hajafa.

Jumbe akakohoa, akatoa hukumu. Kabla jua halijagusa kilima, nyumba iwe imechomwa, na kilichomo darini kiungue humo humo. Chausiku atashika njia ya mjini, asirudi. Shamba litavunwa na kijiji.

"Mahindi yangu?" akasema Chausiku. "Yamebakiza siku chache tu yakauke."

"Mahindi hayana kosa," akasema Jumbe. "Yatakaa."

Vijana wawili wakaenda kutafuta makuti makavu ya kuwashia.

Ndipo akatokea Bibi Kidawa.

Sasa huyu ndiye ninayemleta kwenu, huyu ndiye anayekumbukwa. Bibi Kidawa alikuwa mkunga. Kijiji kizima, kuanzia Jumbe mpaka mtoto wa juzi, mikono ya kwanza kuijua duniani ilikuwa yake. Mzee, mgongo umeinama kama mundu, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukupata dawa: akiona kitu, lazima akichungulie. Neno lake lilikuwa moja tu. "Hebu nione." Mtoto kaanguka, hebu nione. Siafu wanabeba nini, hebu nione. Siku hiyo alichelewa mkutano kwa sababu njiani alimkuta nyigu anamburuta buibui, akawafuata mpaka shimoni kwao. Watu walikuwa wakimwambia, bibi, uzee wote huo bado hujachoka kutazama? Anajibu: "Dunia kubwa, wanangu. Mimi nimeona kipande."

Akawapita watu kwa fimbo yake, tak, tak, tak.

"Kuna nini hapa? Msiba?"

"Fingo, bibi! Chungu kizima!"

"Hebu nione."

"Usisogee, bibi!"

Kasogea. Akachuchumaa kwenye chungu, akafunua kawa, akaingiza pua. Akanusa. Watu wakarudi nyuma hatua, kama wimbi.

"Nileteeni maji. Na ungo."

"Bibi, unataka kufanya nini?" Jumbe sauti ikawa nyembamba.

"Kufungua."

Hee! Uwanja ukalipuka. "Utavimba, bibi! Utapasuka!" Mama Sikudhani akajishika kichwa kabisa.

"Nimeshika vitu vya kuteleza kuliko hiki," akasema Bibi Kidawa, "na vingine leo vimekaa hapa vimevaa kikoi."

Akatoa donge moja. Akalilowesha. Akalilaza kwenye ungo, akaanza kulichambua kwa ncha za vidole, polepole, kama anachambua mchele wa wageni. Manyoya huku. Mifupa huku. Macho yote tumboni kwake.

Bibi akainua kichwa.

"Mbona mnanitazama tumbo? Mnadhani nimeshika mimba?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wawili. Tumbo la bibi halikuvimba. Wakangoja. Halikuvimba. Bibi akachomoa kitu, akakisafisha kwa maji, akakiweka kiganjani. Fuvu. Dogo, ukubwa wa punje ya korosho. Na mbele meno mawili marefu, ya manjano, yamepinda.

"Chausiku, mwanangu, njoo. Macho yangu yamechoka. Huyu nani?"

Chausiku akasogea. Shingo imerefuka yenyewe. Akatazama yale meno. Aliyajua. Mwanamke gani asiyeyajua? Ndiyo yaliyotoboa kila kapu alilowahi kusuka.

"Panya," akasema.

"Panya!" wakaitikia walio karibu.

"Panya?" wakauliza walio mbali. "Panya nini? Hebu tusogee."

Bibi akafungua la pili. Panya. La tatu, fuvu refu jembamba kama mbegu ya tango. "Kirukanjia huyu!" akasema mtu, tena hakujua ameshachuchumaa saa ngapi. Mwingine akasema nipe na mimi kimoja, bibi, nijaribu. Mwingine akavuta ungo wake kutoka nyumbani. Jamani, haikupita muda, watu waliokuja kuchoma nyumba wamekaa chini wote, wanachambua. "Mimi nimepata taya!" "Taya gani, huo mguu!" "Mguu una meno?" "Sogea, unaniziba jua!" Mama Sikudhani akasimama kando, mikono kifuani, anasema yeye hagusi uchafu. Akavumilia. Akavumilia. Akasema, basi nipeni dogo tu.

Hata Jumbe akanyoosha mkono. "Leteni na mimi nione. Kwa usalama wa kijiji."

Bibi Kidawa akawauliza: "Sasa, wanangu, nambieni. Mchawi gani huyo anayeroga watu kwa panya? Mtu anameza panya mzima, anatema manyoya na mifupa, kila siku, bila kuchoka. Nani huyo?"

Wakatazamana. Swali zuri. Kila mtu akaanza kuwaza, paka? Paka hatemi hivyo. Nyoka? Na pale pale wakiwaza, kutoka darini:

Khrrrr... shiii!

Weee! Nyungo hewani, mifupa chini, watu mbio mpaka mwisho wa uwanja! Na safari hii haukuwa mkoromo mmoja. Khrrrr, khrrrr, shiii, khrrrr! Utasema Matimbwa kaja na kaka zake.

"Chomeni!" akapiga kelele Jumbe, amejificha nyuma ya kinu. "Chomeni sasa hivi!"

"Hebu nione," akasema Bibi Kidawa. Akatazama juu. Akatazama magoti yake. "Magoti yamekataa. Jumbe, panda wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nilikupokea ukatanguliza makalio, mwanangu, na tangu siku ile kila jambo gumu unalitangulizia makalio. Leo tanguliza uso."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Jumbe akatoa jasho, akasema mgongo wake una jambo, akasema na kikoi ni kipya.

"Nitapanda mimi."

Alikuwa Chausiku. Akakibingirisha kinu chake mwenyewe, vrrr, mpaka ndani. Akasimama juu yake. Kuna Chausiku mmoja ndani yake anasema: ukimkuta Matimbwa, utafanyaje? Kuna mwingine anasema: na usipomkuta, utafanyaje? Huyo wa pili ndiye aliyemuumiza. Lakini mkono ulishafika juu. Akasukuma fito, akapanua makuti, akaingiza kichwa.

Giza. Vumbi. Harufu ya panya na ya manyoya.

Halafu akaona nyuso.

Nyeupe. Nyeupe kama wali ambao bado haujapambwa kwa mchuzi. Kila uso umechongoka kidevuni, mpana juu, na macho meusi mawili. Miili imevaa sufi, ile sufi ya mtini, mtu kaitapanya ovyo. Wamesimama mstari, wanayumba, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mmoja akageuza kichwa mpaka kidevu kikawa juu, akamtazama Chausiku kichwa chini. Akafungua mdomo.

Khrrrr... shiii.

Chausiku akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa. Akacheka mpaka fito zikatikisika, na akiwa bado anacheka machozi yakaanza, na yeye mwenyewe hakujua lipi lilianza na lipi lilifuata.

"Chausiku! Vipi huko? Ni Matimbwa?"

"Siye," akasema. Akajifuta kwa mkono wenye vumbi. "Siye. Ni watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wa bundi."

Ah! Hapo sasa. Mlidhani yamekwisha? Ndiyo kwanza yalianza. Bundi! Afadhali msukule! Mama Sikudhani akasema bundi ni bundi, hata akiwa kinda. Bundi akilia juu ya nyumba, lazima atoke mtu.

"Kweli," akasema Bibi Kidawa. "Kwetu alilia nilipokuwa mwali. Akatoka mtu. Nikatoka mimi, nikaolewa."

"Bibi, usifanye mzaha!"

"Sifanyi. Nataka kujua tu. Huyu ndege, kabla hajaja kwa Chausiku, alikuwa anakaa wapi?"

Hakuna aliyewahi kujiuliza. Bundi anakaa wapi? Bundi anakaa kwa wachawi, basi, imekwisha.

"Chausiku, ulianza lini kuwasikia?"

"Mahindi yalipofika magotini, bibi."

"Na kabla ya hapo, wakati wa kupanda, kulitokea nini kijijini?"

Wanaume wakatazama chini. Mmoja akajikuna shingo. Mwisho Jumbe akasema, taratibu, kama mtu anayevuta mwiba:

"Tuliangusha mvule. Ule mkubwa wa kule bondeni. Mji ulitaka ubao wa mlango."

"Ule wenye tundu?"

"Huohuo."

"Ndani ya tundu mlikuta nini?"

"Manyoya. Na mayai. Yalipasuka mti ulipoanguka. Na komba akaruka, na mtoto wake mgongoni. Na kule juu sijui kulikuwa na nyuki."

"Mliupiga hodi?"

"Tuliupiga nini?"

"Hodi."

Watu wakaangua kicheko. "Bibi, mti unapigwa hodi? Utajibu karibu?"

Bibi Kidawa hakucheka. "Umevunja nyumba ya mtu," akasema, "umepasua mayai yake, umebeba mlango wake umeupeleka mjini. Akija kukuomba pembe ya dari yako atagie tena, unaita kijiji kije kimchome. Na huyo komba anayelewa tembo kwenye vibuyu vyenu minazini, mnamrushia mawe, mmemuuliza ametoka wapi? Na kicheche anayemaliza kuku? Kila mliyemhamisha, wanangu, amehamia kwa jirani. Na jirani ndio ninyi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mgema mmoja akasema, pole pole, eti kweli, komba walianza mwaka huu. Mwingine akasema na nyuki wamo kwenye ukuta wa mama mkwe wangu. Kila mtu akawa na chake. Walikuwa wanaunganisha, kama watu wanaounganisha vipande vya chungu kilichovunjika.

Lakini vijana wa makuti makavu walikuwa bado wamesimama, na jua lilikuwa linateremka. Mmoja akauliza: "Kwa hiyo tunachoma au hatuchomi?"

Jumbe akamtazama bibi. Bibi akasema: "Mnaniuliza mimi? Nyumba yangu hii?"

Wote wakamgeukia Chausiku. Alikuwa mlangoni, utando wa buibui kichwani, machozi yamechora njia kwenye vumbi. Tangu Matimbwa afe hakuna mtu aliyemuuliza unataka nini.

"Mimi nilidhani ni mume wangu," akasema. "Nimewapa habari zote. Mahindi, kuku, mpaka mlivyonisema kisimani. Hao wanajua mambo yangu kuliko ninyi nyote." Mama Sikudhani akatazama pembeni. "Kama kuwa na ndege darini ni uchawi, basi mimi ni mchawi, nimekubali. Lakini siwatoi. Watakaa mpaka waruke. Na anayetaka kuwachoma aniingize kwanza mimi, anifungie mlango, halafu ale mahindi yangu na moshi wangu."

Upepo ukapita. Darini wakakoroma.

Yule kijana akayashusha makuti chini.

"Basi," akasema Jumbe, "yameisha. Watu waende makwao."

"Yameishaje?" Bibi Kidawa akagonga fimbo, tak! "Naona mkeka uko nje. Naona mitungi iko nje. Vyombo hivi vilitoka kwa miguu yake?"

Ikabidi. Kila aliyetoa akarudisha, chombo alichotoa yeye, kwa mikono yake, mahali pale pale. Mama Sikudhani alikuwa hajatoa kitu, alikuwa ametoa kelele tu, kwa hiyo akapewa kinu, akitoe pale chini ya dari, akirudishe pake. Kinu cha mninga! Akakikumbatia, akakiinua, akapumzika, akakiinua. Alipokifikisha pake, akasimama, anahema. Chausiku akamtilia chumvi kwenye jani, akampa.

"Si ndiyo uliyoifuata?"

Mama Sikudhani akaipokea kwa mikono miwili.

Chausiku akavuna mahindi yake. Panya hawakuyagusa, mnajua kwa nini. Na makinda wakaota manyoya, wakatoka, mmoja mmoja, kimya, bundi akiruka hutasikia hata fu. Usiku ule wa kwanza bila mkoromo, Chausiku alilala macho wazi. Halafu akasema kwa sauti, "Haya, Matimbwa. Kwaheri." Neno hilo alikuwa hajawahi kulisema. Akalala.

Na kijiji kikapata sheria mpya. Aliyeiweka ni Bibi Kidawa, lakini alikuwa akisema si sheria, ni adabu. Hukati mti kabla ya kuupiga hodi. Unasimama, unagonga kwa mpini wa shoka, ko, ko, ko. "Hodi wenyewe!" Unaweka sikio. Unangoja, usiwe na haraka. Kikisogea kitu, kikilia, kikikuna, kikichungulia, mti huo una mwenyewe, nenda mwingine. Mwanzoni watu waliona aibu. Mwanamume mzima na ndevu zake anaubishia mti hodi! Lakini waliweka sikio, na ukishaweka sikio, jamani, huwezi kuacha. Wakawa wanarudi msituni na habari kuliko kuni. "Leo nimemkuta kicheche na watoto!" "Leo mimi nimejibiwa na kitu sikijui, kesho narudi!" Kijiji kizima kikaambukizwa ule ugonjwa wa bibi.

Bibi Kidawa akafa, alikuwa mzee. Akazikwa. Na mji, ah, mji haukuwa umeshiba. Mwaka mmoja wakaja watu wa mjini wenyewe, mashoka mapya, msimamizi wao na kofia yake, wanautaka mkuyu mnene wa karibu na kisima, ule wenye tundu kubwa. Jumbe Pazi akaanza kujikuna. Watu wa mjini wana nguvu, atawaambia nini?

Chausiku alikuwa kisimani. Akatua mtungi, akaenda akasimama mbele ya mkuyu.

"Mmepiga hodi?"

"Tumepiga nini?"

"Hodi. Huku kwetu haukatwi mti bila hodi."

Walicheka hao! Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Msimamizi akafuta macho, akasema, haya, mama, tusikuudhi. Akageuza shoka, akagonga kwa mpini, ko, ko, ko, akabana pua, akaita kwa mzaha: "Hodi wenyewe!"

Tunduni ukatoka uso. Mweupe, mpana, macho meusi mawili. Ukamtazama. Ukageuka taratibu, kidevu kikaja juu, ukaendelea kumtazama.

Shoka likaanguka. Kofia nayo. Wenzake walishafika mbali.

"Mama," akasema msimamizi, hata mdomo haufunguki vizuri, "mama, huyo... huyo ndiye nani?"

"Mwenye nyumba," akasema Chausiku. Akainama, akajitwika mtungi wake. "Ila umemkuta amelala. Saa zake ni usiku. Kama una shida naye sana, njoo usiku, wewe peke yako, mzungumze."

Mpaka leo hajarudi.

Basi ndugu zangu, usichokijua kichungulie kwanza, moto utaukuta palepale. Na ukijenga kwako, uliza ni nani alikuwa hapo kabla yako. Mimi nimefika mwisho wa njia, hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aichukue, ila kwanza apige hodi.